Ijumaa Tatu za Mpika Mbege

Banda lenyewe lilinigharimu laki moja na themanini, na hilo sina ugomvi nalo. Nililigonga mimi. Nilikuwa narudi nyuma na gari nikitoka kwa mama yangu, Kibosho, kwenye kile kinjia ambacho ukishakiingia huna pa kugeuzia, mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na tairi la nyuma likajiamulia lenyewe linakotaka kwenda. Nguzo ikakatika. Mabati manne yakashuka. Chini ya mabati kulikuwa na sufuria kubwa la kupikia ndizi za mbege, ambalo baada ya hapo lilikuwa bado la chuma lakini si sufuria tena.

Mwenye banda ni jirani wa mama, mama wa umri wa kuamkiwa shikamoo hata na mtu wa umri wangu, na amekuwa akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu mimi navaa kaptula ya shule. Aliniambia nilipe. Nikamwambia nguzo ilikuwa imeoza na banda limeingia njiani. Yote mawili yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililonisaidia. Akanishtaki Mahakama ya Mwanzo, kesi ikasikilizwa, akashinda, nikalipa hiyo laki na themanini, banda na sufuria. Nikadhani tumemalizana.

Kilichonitoa usingizini ni karatasi iliyofuata. Hukumu ilikuwa imesema nilipe fidia pamoja na gharama za kesi. Maneno hayo ya mwisho niliyapita haraka, kama mtu anavyopita maandishi madogo ya chini kwenye mkataba, mimi ambaye kwa kazi yangu ni mhariri na nalipwa kusoma maandishi ya watu wengine mpaka nukta. Wiki mbili baadaye karani akanipigia simu: mdai ameleta orodha ya gharama zake, njoo uchukue nakala, kama unapinga una siku kumi na nne.

Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya mahakama. Ada ya kufungua kesi, sawa. Nauli ya kushuka mjini na kupanda, sawa. Halafu mstari wa tatu: "Mapato niliyopoteza kwa kuja mahakamani, Ijumaa tatu, kila Ijumaa elfu themanini. Jumla laki mbili na elfu arobaini."

Nilirudia kusoma. Laki mbili na arobaini, kwa ajili ya kukaa kwenye benchi! Yaani kulizungumzia banda kumekuwa ghali kuliko banda lenyewe, na nguzo yake, na mabati yake, na sufuria.

Nikakumbuka kwamba Ijumaa hizo tatu na mimi nilikuwa kwenye benchi hilo hilo. Hakuna aliyeniuliza nimepoteza nini. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikaanza kupiga hesabu ya mapato yangu ya Ijumaa, ili nione ukubwa wa dhuluma, na nilipofika Mawenzi, hapo hapo mjini, nikawa nimepata jibu: sikuwa nimepoteza kitu. Mtu anayeandika insha na kuhariri kumbukumbu za wastaafu akikosekana mezani siku moja, hakuna mahali popote duniani panapopungua. Nyumbani kwangu pengine tuliokoa umeme. Jibu hilo halikunituliza. Lilinikasirisha zaidi, maana mwenzangu asiyekwenda chuo kikuu alikuwa na Ijumaa ya elfu themanini.

Jumapili nikapanda Kibosho kumweleza mama. Gari nililiacha juu, karibu na kanisa, nikashuka kwa miguu. Tangu siku ile ya banda siingii na gari kwenye kinjia kile.

"Lipa," mama akasema, hata sijamaliza.

"Silipi."

"Lipa baba, yaishe."

"Mama, laki mbili na arobaini! Unaijua hiyo ni kiasi gani?"

"Naijua. Na wewe unajua kwamba mimi na yule tunasali jumuiya moja?"

Jumuiya ni zile kaya kumi na kitu zinazokutana kila Alhamisi nyumbani kwa mmoja wao, wanasali, wanakunywa chai, na wanajua habari zako kabla hujazijua. Mama yangu na mpika mbege wamekaa benchi moja la jumuiya kwa miaka mingi kuliko ndoa yangu. Nusu ya ndizi anazopikia zinatoka kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la nyumbani. Wakati wote wa kesi, mama alikuwa anamuuzia ndizi, anamtumia maziwa, na kwangu anasema tu, "Na wewe ungeangalia nyuma."

"Zamu inakuja ya jumuiya kuwa hapa kwangu," akaendelea. "Atakaa wapi, na wewe umemwandikia barua ya kumwita mwongo?"

"Sijamwita mwongo. Napinga hesabu."

"Ee. Hesabu," mama akasema, akaenda kumwangalia ng'ombe.

Nikapinga hesabu. Nilipinga kwa kurasa kumi na moja.

Inabidi nieleze kwa nini nilijiamini. Mbege naijua. Mwaka wa tatu chuoni niliandika utafiti mdogo kuhusu pombe za nyumbani, na sura ya pili nzima ilikuwa mbege: ndizi zilizoiva zinachemshwa siku nzima mpaka zinakuwa nyekundu, zinamiminwa kwenye pipa, zinaachwa zichachuke karibu wiki, mwisho zinachujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Nilipata alama nzuri. Na nilijua, kama kila mtu wa mteremko ule anavyojua, kwamba yule mama anachemsha ndizi zake Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa pipa linajikalia. Halihitaji kubembelezwa wala kuangaliwa. Hata mwenyewe akiwa mahakamani, au Dar es Salaam, au kitandani, ndizi zinaendelea na shughuli zao. Niliandika sentensi hii: "Uchachukaji ni kazi ya asili na si ya mdai." Niliipenda kiasi kwamba nilimsomea mke wangu. Akaniuliza kama nimenunua gesi.

Siku ya kusikilizwa nilifika saa mbili na nusu na bahasha yangu. Mpika mbege alikuwa ameshafika, amekaa kwenye lile benchi letu, kikapu miguuni.

Hapa ndipo malezi yanapomtesa mtu. Huwezi kumpita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia."

"Namwona kila siku," akasema. "Umekunywa chai?"

"Bado."

Akafunua kikapu, akatoa ndizi mbili za kuchoma zilizofungwa kwenye jani, akanipa. Nikala. Nilikuwa na njaa. Nilikaa pale kando yake, nikitafuna ndizi zake, na bahasha yenye kurasa kumi na moja dhidi yake ikiwa magotini, ikapata doa la majivu kwenye jina la mahakama.

Hakimu alikuwa dada wa umri mdogo, kwa lafudhi nadhani wa Kanda ya Ziwa, mwenye tabia ya kusoma huku amenyanyua nyusi. Alisoma pingamizi langu kimya. Aligeuza ukurasa wa tatu, wa nne, akaenda wa mwisho kuona ni wa ngapi, akarudi.

"Kurasa kumi na moja."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kuhusu siku tatu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mimi si mtu wa huku. Mbege nimeonjeshwa mara moja. Hapa umeandika Ijumaa pipa halina kazi. Umewahi kupika?"

"Kupika, hapana, Mheshimiwa. Nimewahi kuiandika."

Mtu akacheka kwenye mabenchi ya nyuma, mlinzi wa mahakama akamtazama, kisha naye akageukia dirishani.

"Mdai, umesikia. Anasema Ijumaa pipa linajikalia. Ni kweli?"

Mpika mbege akasimama, akajifunga kanga vizuri kama mtu anayeanza kazi.

"Mheshimiwa, ndizi napika Jumamosi. Hapo huyu msomi amesema kweli tupu. Zinakaa. Jumatatu zinakaa, Jumanne zinakaa, na mimi nakaa. Lakini watu wanakunywa lini? Jumamosi inayofuata. Sasa nani kaichanganya? Ijumaa alfajiri nasonga uji wa kimea, nauacha upoe, nachuja ndizi, naweka na msesewe, ule mti wa uchungu, halafu nachanganya. Uji ukiwa wa moto, umeua. Ukipoa sana ukalala, umeua. Una saa yake."

"Saa ngapi?"

"Haina namba, Mheshimiwa. Unaweka kidole." Akaonyesha kidole. "Kidole kikikuambia sasa, ni sasa. Kikikuambia hivyo na wewe uko hapa chini kwenye benchi, umekwisha."

Nikanyanyua mkono. Nilitaka kusema kwamba katika sura ya pili ya utafiti wangu kuchanganya kulikuwa siku ya mwisho, na kwamba siku ya mwisho ni siku ya kunywa. Kisha nikakumbuka nilivyoipata sura ya pili. Niliipata kwa kumhoji bibi yangu wakati wa likizo moja fupi, mchana wa Jumamosi, akiwa anachemsha. Siku nyingine zote za wiki nilizijaza mwenyewe, bwenini. Nikashusha mkono.

"Twende Ijumaa moja moja," hakimu akasema. "Ya kwanza, ile ya kusomewa madai. Ulipoteza nini?"

Mpika mbege akafikiri.

"Ile ya kwanza, kusema kweli, sikupoteza. Mkwe wangu alikuwepo, mke wa mtoto wangu wa mwisho, kabla hajahamia Holili kwenye biashara. Yeye kidole chake ni kizuri. Alichanganya yeye."

"Mbona umeiandika?"

"Nilimuuliza yule dada aliyenichapia. Akasema mama weka zote, wenyewe watapunguza."

Hapo watu wakacheka waziwazi. Mimi nikasimama. "Mheshimiwa, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mdai mwenyewe amekiri..."

"Imeingia. Kaa."

Nikakaa nikiwa nimeshinda elfu themanini. Nilimtazama yule mama pembeni nione kama ameumia. Alikuwa anajikuna mkono.

"Ijumaa ya pili."

"Hiyo ya pili mkwe hayupo. Nilisonga uji saa kumi alfajiri, nikauacha, nikasema nitakwenda, nitarudi saa tano, nitawahi. Nikakaa pale nje. Saa nne, saa tano, saa saba. Tukaitwa saa nane na nusu. Tukaambiwa nendeni, mtarudi siku nyingine. Nimefika nyumbani jioni, uji umelala. Nikachanganya hivyo hivyo. Ningefanyaje, na pipa ni la mtu?"

"Mheshimiwa," nikasema, "kwa heshima zote, kuahirishwa kwa kesi si kosa la mdaiwa. Mahakama ndiyo inayoahirisha."

Hakimu akafungua jalada. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa dawa: "Mdaiwa aomba shauri liahirishwe kwa kuwa utetezi wake, kurasa tisa, haujachapwa kutokana na kukatika kwa umeme. Ombi limekubaliwa." Akanitazama. "Huyu mdaiwa ni nani?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Ningeweza kujitetea siku ile kwa mdomo, kwa dakika tano. Nguzo ilikuwa imeoza, banda limeingia njiani, basi. Lakini nilikuwa na aya moja kuhusu historia ya njia za Kibosho ambayo sikutaka ipotee.

"Pipa lilikuwa la mtu," hakimu akarudi kwa mdai. "La nani?"

"La sherehe. Kipaimara."

Nikaanza kuhesabu tarehe kichwani. Mpwa wangu, binti wa dada yangu anayekaa mjini, alikuwa amepata kipaimara mwaka huo. Jumamosi. Kulikuwa na kamati ya sherehe, kama ilivyo kwa kila sherehe kwetu, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa vinywaji, cheo nilichopewa kwa sababu ya elimu yangu na kwa sababu wengine wote walikuwa na kazi. Bia na soda niliziagiza mwenyewe. Pipa la mbege mama alisema nisihangaike, litatoka huko juu. Lilikuja kwa pikapu. Sikuuliza limetoka kwa nani. Nani huuliza?

"Walikulipa?" hakimu akauliza.

"Walitoa nusu mwanzoni, ya ndizi na ulezi. Nusu nyingine, elfu tisini, hawakutoa."

"Kwa nini?"

"Walisema ni siki. Na ilikuwa siki, Mheshimiwa. Sitaki kudanganya. Hata mimi nisingeilipa."

"Hukuwafuata?"

Mpika mbege akavuta kanga, akaitengeneza, akaitengeneza tena.

"Hilo niachie, Mheshimiwa."

"Siwezi kukuachia. Ndilo ninalolipima. Nani alisema usilipwe?"

Hakutaja jina. Alinyanyua kidevu kidogo kuelekea upande wangu, kama tunavyoelekeza wageni njia. "Huyu."

Sasa nilikumbuka vyote. Nilikumbuka kata mkononi mwangu, funda la kwanza, na jinsi nilivyolitema nyuma ya turubai mbele ya macho ya wajomba. Nilikumbuka nikichukua kipaza sauti kutoka kwa mshereheshaji. "Ndugu zangu," nilisema, "hii tuliyoletewa ni siki. Aliyeileta aambiwe salio halipo." Watu walipiga makofi. Na kwa kuwa walipiga makofi niliendelea, nikatoa hotuba fupi kuhusu kushuka kwa viwango vya upikaji siku hizi, nikalinganisha na bibi yangu. Nilinukuu, kwa kumbukumbu, sura ya pili.

"Wewe ulikuwa nani pale?" hakimu akaniuliza.

"Mwenyekiti, Mheshimiwa. Wa vinywaji."

"Na hukujua pipa ni la mtu mliyekuwa naye mahakamani jana yake?"

"Sikujua."

Mpika mbege akanigeukia mzimamzima. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama usoni.

"Hukujua?"

"Sikujua, mama. Haki ya Mungu."

"Ruwa wangu!" akamwita Mungu kwa Kichagga. "Mimi najua umefanya makusudi! Nimesema, tazama mtoto huyu. Ijumaa ananifunga huku chini mpaka uji ulale, Jumamosi ananikatalia pipa kwa kuwa uji umelala. Nikasema, kumbe amesoma kweli!"

"Mdai, zungumza na mahakama," hakimu akasema, lakini alikuwa ameinamisha kichwa kwenye jalada, na mabega yake hayakuwa yametulia.

Nimeandika insha nyingi za kujicheka. Ni rahisi kujicheka mezani, ukiwa umechagua mwenyewe kosa la kulikiri. Pale nilipewa la kuchagua kati ya mawili: niwe mtu mbaya mwenye akili, au mtu mjinga asiye na nia mbaya. Kwa miezi yote ile yule mama alikuwa ameniamini kuwa wa kwanza. Alikuwa amenipa ndizi za kuchoma asubuhi ile huku akiamini hivyo. Nikachagua ujinga, mbele ya mahakama, kwa sauti.

"Mheshimiwa, sikujua. Sikuuliza."

Ijumaa ya tatu haikuchukua muda. Wiki ile hakupika kabisa, alisema, maana alishaona hatari ya kusonga uji na kushuka mjini. Isitoshe watu wa harusi moja waliokuwa wameagiza mapipa mawili waliondoa oda yao baada ya kusikia habari za siki. Walizisikia wapi? Kulikuwa na kipaza sauti.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Ijumaa ya kwanza imefutwa. Ya pili na ya tatu zinabaki, laki moja na sitini, zilipwe ndani ya siku thelathini. Salio la pipa la kipaimara halimo kwenye shauri hili. Mdai akitaka anaweza kulifungulia shauri lingine.

"Lingine?" mpika mbege akasema, akaguna. "Na Ijumaa zangu?"

Nilitoka nje nikiwa na ushindi wa theluthi moja, na kwa dakika kadhaa niliushikilia. Nilikuwa nimeokoa elfu themanini. Kisha nikaikumbuka ile tisini ya salio, ambayo sasa hakuna mtu mzima angeweza kuinyamazia, wala mimi sikuweza. Nilikwenda mahakamani kuokoa pesa na nikarudi nimejiongezea deni la elfu kumi, bila kuhesabu kuchapa kurasa kumi na moja nakala tatu.

Nikampigia dada yangu nikamweleza kwamba tunadaiwa salio la pipa.

"Tunadaiwa na nani?" akasema. "Kamati ilishavunjwa kaka. Tulichinja mbuzi wa kuivunja, ukala ini."

"Lakini pipa lilikuwa la sherehe yako."

"Na mwenyekiti wa vinywaji alikuwa nani?"

Kwa mama nilipanda mwenyewe. Sikupanda kwa upole.

"Mama, ulijua pipa ni lake. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali liagizwe kwake?"

"Nisingekubali."

"Basi."

"Haya, na baada ya hapo? Siku ile pale kwenye sherehe, ungenivuta shati!"

"Nilikuja kukuvuta," mama akasema. "Ulikuwa umeshachukua kipaza sauti. Wewe ukishachukua kipaza sauti nani anakuvuta?"

Nilichagua Ijumaa kwenda kulipa. Ndiyo siku niliyokuwa na nafasi, na sikufikiri zaidi ya hapo, ambayo inaonyesha nilivyojifunza. Nilimkuta chini ya banda, nguzo mpya, mabati mapya yangu yaking'aa, anachuja ndizi, mikono imelowa mpaka viwikoni. Uji ulikuwa kwenye beseni, unatoa mvuke kidogo.

"Shikamoo mama. Nimeleta."

"Marahaba. Kaa. Sina mikono."

"Naweza kuiweka hapa."

"Pesa ya mahakama haiwekwi hapo. Inahesabiwa. Kaa."

Nikakaa. Saa nne ikapita. Aliweka kidole kwenye uji, akatikisa kichwa, akarudi kwenye ndizi. Saa tano. Nilisema nina kazi mjini, ya kuhariri. Akasema, "Ee, pole." Saa sita mvua ndogo ilipiga mabati na mimi nikasikia, kwa mara ya kwanza, kwamba hayavuji. Aliweka kidole tena. Nilijikuta nimesimama, nimenyoosha shingo kutazama uso wake, nikisubiri kidole kiseme. Kikasema. Hapo alifanya kazi kwa kasi ambayo sikujua anayo, beseni, pipa, mwiko, bila kunitazama, na hata angekuja askofu mwenyewe asingesalimiwa.

Alipomaliza aliosha mikono, akafuta, akahesabu. Laki mbili na hamsini: Ijumaa mbili na salio.

"Sasa niandikie," akasema. "Kwamba umelipa na nimepokea. Lakini fupi."

Niliandika kwenye ukurasa wa daftari, sentensi moja, yenye kiasi na tarehe. Akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho.

"Ongeza na lile."

"Lipi?"

"Kwamba hukujua."

"Mama, hii ni risiti."

"Ongeza."

Nikaongeza: "Pipa la kipaimara lilichacha kwa sababu yangu, na sikujua ni lake." Nikaweka sahihi. Naye akaweka yake, akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye fundo la kanga pamoja na pesa. Nilidhani sasa ataniletea kata, kama ilivyo desturi, aonje yeye kwanza kisha anipe. Aliona ninavyotazama pipa.

"Ya leo ni ya kesho," akasema. "Ungekuja kesho."

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilikuwa kwa mama. Sikwenda. Jioni mama akanipigia simu kuniambia kwamba mpika mbege alikuja, alikaa mahali pake pa siku zote, na baada ya sala aliomba nafasi, akatoa ile karatasi niliyomwandikia, akaisomea jumuiya nzima, pamoja na wale wa harusi walioondoa oda, ambao nao ni wa jumuiya ile.

"Wakasemaje?" nikauliza.

"Wale wa harusi wameagiza tena, mapipa mawili, wana sherehe nyingine."

"Kuhusu karatasi, mama."

"Wamesema umeandika vizuri. Imeeleweka." Nilisikia vikombe vinakusanywa. "Ila wameuliza zile kurasa nyingine kumi na moja zilikuwa za nini."